Barabara Inayopita Mbele ya Shule: Somo juu ya Mbio za Motokari



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya malaria, juu ya ulimaji wa muhogo, na juu ya kujitayarisha kwa Egzeta. Leo tunaleta somo ambalo haliko katika programu ya mwaka wo wote, lakini linapita mbele ya mlango wetu mchana na usiku, tena linapiga honi. Ni somo la barabara: namna inavyopangwa, namna motokari zinavyoongozwa juu yake, na kwa nini shofere anapashwa kuwekewa mpaka wa mbio. Sisi wa mwaka wa mwisho tulilizungumza darasani saa ya fizikia, kisha tukalirudilia ku internati usiku mpaka msimamizi akazima taa. Tukaona vema tuliandike.

Kwanza tuondoe neno moja njiani. Mtu akifa kwa ajali, ku matanga utasikia maneno matatu. Mmoja atasema ni mapenzi ya Mungu. Mwingine atasema kuna mtu alimtupia kitu. Wa tatu atasema shofere alikuwa amekunywa. Huyu wa tatu amekaribia, sababu pombe inaua kweli, lakini hata yeye amesimamia katikati ya safari. Zamani watu walisema maneno kama hayo juu ya homa. Leo kila mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba homa ile inaletwa na mbu, na kwamba ukifukia dimbwi la maji nyuma ya nyumba, homa inapunguka. Ajali nayo iko na dimbwi lake. Mungu ametupa akili ili tulitafute.

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) liliandika katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabara ziliua watu kama milioni 1.19 katika mwaka 2021. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, hakuna kitu kinachoua wengi zaidi duniani kuliko hicho. Maana yake sisi wote tunaosoma kikaratasi hiki tumo katika hesabu ile, isipokuwa walimu wetu na mama wa jikoni. Zaidi ya tisa katika kila kumi ya wafu hao walikufa katika nchi maskini na nchi za katikati, ambazo ziko na kama sita tu katika kila kumi ya motokari za dunia. Katika Afrika watu kama 19 kwa kila 100,000 wanakufa hivi kwa mwaka. Katika Ulaya ni kama 7. Na Ulaya wako na motokari nyingi kuliko sisi! Basi wingi wa motokari peke yake hauelezi jambo. Kuna kitu ambacho wenzetu walifanya na sisi bado.

HESABU YA FRENI

Twende ku ubao. Tumefundishwa kwamba nguvu ya kitu kinachotembea ni nusu ya masi yake, mara vitesi, mara vitesi tena. Vitesi imeingia mara mbili. Shofere akitoka kilometre 40 kwa saa akafika 80, yeye anafikiri ameongeza mara mbili. Hapana, nguvu ya gari lake imeongezeka mara nne. Nguvu hiyo yote inapashwa kwenda pahali fulani wakati wa kusimama. Ikipata nafasi, itaingia katika freni na mipira, itakuwa moto, itapotea hewani. Ikikosa nafasi, itaingia katika mwili wa mtu.

Tena shofere hasimami palepale anapomwona mtoto. Anaona, anafahamu, anainua mguu, anakanyaga. Tuseme kazi hiyo inakula sekunde moja, na hapo tunasema juu ya shofere asiye na usingizi wala telefone mkononi. Tukahesabu kwa gudroni kavu, freni nzima, mipira mizuri. Kwa 30, motokari inatembea metre 8 katika ile sekunde moja, halafu freni inadai metre 5: jumla 13. Kwa 50, inatembea metre 14 mbele freni haijaanza, kisha metre 14 nyingine: jumla 28. Kwa 80, ni metre 22 na metre 35: jumla 57, ndiyo zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira.

Sasa angalieni vizuri. Mtoto anatokea ghafula metre 14 mbele ya gari, anafuata mpira wake. Mwenye kwenda 30 anasimama mbele ya magoti ya mtoto, anateremka, anamtukana kidogo, anakwenda zake. Mwenye kwenda 50, mahali palepale, ndipo tu mguu wake unagusa freni. Anamgonga na 50 yake yote. Tofauti ya vitesi zao ni 20 tu, na wote wawili walikuwa na sekunde ile ile moja. Siku tulipomaliza hesabu hii, darasa lilinyamaza, hata wale wa mstari wa nyuma.

Mwalimu akatupa zoezi lingine: kugongwa kwa vitesi fulani ni sawa na kuanguka kutoka urefu gani? Kwa 30, ni kama metre 3 na nusu, karibu na ukingo wa bati la darasa letu. Unaweza kuvunjika, lakini wengi wataishi. Kwa 50, ni karibu metre 10, juu kabisa ya mchikichi mrefu. Kwa 80, ni metre 25, na hapa tambarare hakuna kanisa lenye mnara wa namna hiyo. Hakuna mzazi anayemruhusu mtoto kucheza mahali anapoweza kuanguka metre 25. Lakini kandokando ya njia tunacheza kila siku.

Hayo yote ni kwa gari zima. Gudroni ikiloa na mipira ikiwa laini, urefu wa kusimama unaweza kuongezeka mara mbili. Na kamio iliyopakizwa magunia mpaka juu, watu wamekaa juu ya magunia, freni zimefungwa kwa waya? Hapo tuliacha chaki. (Wanakwaya wanisamehe, lakini na sisi tumo: kila mara tunapokwenda ku mkutano wa vijana tunapanda juu ya mizigo, tena tunaimba.)

Na faida ya mbio ni nini? Tuchukue kijiji cha kilometre 3 toka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Mwenye kukipita kwa 80 anatumia dakika 2 na sekunde 15. Mwenye kukipita kwa 40 anatumia dakika 4 na nusu. Ameshinda dakika mbili na kidogo, kisha anazipoteza zote ku barriere ya kwanza, akingoja kamba iinuliwe.

SANGE

Hatuwezi kuandika juu ya njia hii bila kutaja Sange. Siku ya Ijumaa, tarehe 2 Julai 2010, jioni, kamio ya kubeba mafuta iliyotoka upande wa Tanzania ilipinduka katikati ya Sange, ku njia ya kitaifa namba 5, ile ile inayotoka Uvira kwenda Bukavu. Sisi wa mwaka wa mwisho tulikuwa watoto wa mgongoni. Wadogo zetu wa mwaka wa saba walikuwa bado hawajazaliwa. Ilikuwa wakati wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na watu wengi walikuwa wamejaa katika nyumba ya video wakiangalia mpira. Mafuta yakatiririka. Wengine wakaja na mabeseni na bidoni kuyateka, wengine wakaja kutazama tu, watoto wengi kati yao. Kisha moto ukawaka. Zaidi ya watu 200 walikufa. Wengi hawakuweza kutambulikana, wakazikwa pamoja katika makaburi ya shimo moja. Majeruhi walipelekwa Uvira na Bukavu, wengine kwa helikopta za Umoja wa Mataifa.

Kila mara habari hii inapohubiriwa, tunasikia juu ya tamaa: watu walikimbilia mafuta yasiyo yao. Ni kweli kwamba kuteka mafuta ya gari lililopinduka ni kujiua, na tunaomba kila mmoja wetu alishike hilo: ukiona citerne imeanguka, kimbia upande unaotoka upepo, usigeuke, usipige picha. Lakini tunaona mahubiri yanaanza katikati ya habari. Wale waliokuwa ndani ya nyumba wakiangalia mpira hawakuteka hata kikombe. Ulizo la kwanza ni hili: kwa nini gari lenye maelfu ya litre za mafuta lilikuwa likipita hatua chache tu toka milango ya watu, na mbio gani? Habari za siku zile zilisema lilikuwa likijaribu kupita gari lingine. Kupita gari lingine, katikati ya mji, jioni, siku ya mpira!

Sheria ya Musa inasema juu ya ng'ombe mwenye kupiga watu kwa pembe. Akiua mara ya kwanza, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa alikwisha kuonywa kwamba ng'ombe wake ni wa namna hiyo, naye hakumfunga, basi damu iko juu yake mwenyewe (Kutoka 21). Tena Kumbukumbu la Torati 22 inaagiza mtu akijenga nyumba, azungushie dari lake ukuta mdogo, ili mtu asianguke akaleta damu juu ya nyumba. Tuliona ajabu: sheria haikungoja mtu aanguke. Wala haikusema tu, "Ninyi mnaopanda juu ya dari, muwe waangalifu." Ilimwendea mjengaji. Ndiyo maana tunasema upangaji wa barabara ni jambo la Biblia pia, ijapokuwa hatujasikia mahubiri yake.

NJIA NA VIJIJI

Wazee wanatueleza kwamba zamani vijiji vingi havikuwa kandokando ya njia. Vilikuwa juu ya vilima, karibu na maji, mbali na kelele. Katika sehemu nyingi za Kongo, utawala wa Wabelgiji ulisukuma watu washuke wakae mstari mmoja ku barabara, ili iwe rahisi kuwahesabu, kuwatoza kodi, na kuwaita kwa kazi. Njia ilikuwa ya mchanga, na motokari moja kwa siku ilikuwa sikukuu. Baadaye njia ikapanuliwa, pengine ikapata gudroni, na kijiji kikabaki palepale. Basi hiyo njia moja iko na kazi mbili zisizopatana. Kwa shofere ni njia ya mbali: anataka kupita upesi. Kwa mwenye kijiji ni kiwanja, soko, mahali pa kuanika muhogo, mahali pa kusalimiana. Siku gudroni inapokuja watu wanapiga vigelegele, kisha mbio zinakuja pamoja nayo, na hakuna aliyeandaa kijiji kwa mbio hizo. Njia mbaya yenye mashimo inatuchosha, lakini inawapunguza mwendo. Njia nzuri bila mpango inaua.

Tuko na sheria. Kodi ya barabara ya inchi yetu ni sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na njia zenyewe ziko mikononi mwa Office des Routes, iliyoundwa mwaka 1971. Sheria ni lazima. Lakini plaki ya chuma haimkamati mtu vitesi. Shofere anaendesha jinsi barabara inavyomwambia: akiona gudroni pana, imenyooka, haina kitu kando, mguu wake unashuka wenyewe. Wapangaji wa njia wanajua hilo, na wanafanya njia yenyewe iseme "polepole".

Wasweden walilishika jambo hili kuliko wengi. Makanisa yetu ya Kivu yanawajua, sababu wamisionari wao walikuja pande hizi tangu miaka ya 1920. Katika mwaka 1997 bunge lao lilikubali neno gumu: kwamba hakuna kifo hata kimoja cha barabarani kinachoweza kuhesabiwa kuwa cha kawaida. Walisema mtu atakosea siku zote, ndivyo alivyo. Kazi ya mpangaji ni kufanya kosa lile lisimwue. Ikiwa watu wa miguu na motokari wako pamoja, vitesi isipite 30. Ikiwa kuna magari yanayokutana uso kwa uso mbio, watenganishwe. Mwaka 1998 walijaribu njia yenye mistari mitatu na kamba za chuma katikati, ili magari yasigongane. Mwaka 1997 walikufa huko watu 541. Mwaka 2020 walikufa 204. Magari yao hayakupunguka.

Mtu atasema: hao ni Wazungu, wako na feza. Haya, twende Ghana. Ku njia kubwa ya Accra kwenda Kumasi kuna mahali panapoitwa Suhum, njia panda yenye soko na watu wengi. Walikuwa wakifa mno pale. Watu wa kazi ya barabara wakaweka mistari ya matuta madogo madogo juu ya gudroni, ambayo inatetemesha gari na kupiga kelele mpaka shofere mwenye usingizi anaamka. Kitu cha bei ndogo kabisa. Kisha kazi hiyo, kati ya Januari 2000 na Aprili 2001, ajali zilipunguka kama 35 kwa mia, na vifo kama 55 kwa mia. Hakuna bunge, hakuna kamba za chuma. Ni matuta.

Hapa tunafika ku dodani, na tunajua mmoja ataandika kutupinga. Katika vijiji vingi, kisha mtoto kugongwa, vijana wanachimba mfereji usiku au wanalaza mti katikati ya njia. Tunafahamu uchungu wao. Lakini dodani isiyo na alama, yenye kingo kali kama jiwe, inamwangusha motari usiku na inavunja kamio mpaka inakosa freni. Dodani inayofaa ni ndefu na imeinama polepole: Waingereza waliojifunza jambo hili katika miaka ya 1970 walipata metre 3.7 ya urefu kwa sentimetre 10 tu ya kwenda juu. Mwenye 30 anaipita kama anabembea. Mwenye 60 anapiga kichwa ku bati. Tena iwekewe plaki mbele, na ipakwe rangi nyeupe.

Mizunguko nayo inafanya kazi ya namna hiyo. Mwenye kufika Place de l'Indépendance pale Bukavu, hata akiwa waziri, inamlazimu kugeuza volani na kuzunguka. Katika njia panda ya kawaida yenye mikono mine, kuna pointi 32 ambapo magari yanaweza kugongana. Katika mzunguko wa mstari mmoja ziko 8. Na wakigongana, wanagongana ubavu kwa pembeni, polepole. Ni bati linalokunjwa. Kinshasa wao waliweka marobo tangu mwaka 2013, yaliyotengenezwa na injenia wa kikongomani, Mama Thérèse Izay: mirefu kama metre mbili na nusu, inakula jua, inageuka na kuinua mikono kama polisi. Wengine ku internati walitaka tuandike barua tuombe moja! Robo ni kitu cha heshima kwa inchi yetu, lakini kazi yake iko ku njia panda za miji. Mbele ya shule ya kijiji ingesimama ikishangaa pamoja nasi.

Kuna jambo lingine la njia yetu ambalo halisemwi sana. Sisi, Burundi na Rwanda tunaendesha mkono wa kuume. Tanzania, Uganda na Zambia mkono wa kushoto. Makamio mengi yanayofika hapa yametoka huko, na volani yao iko upande wa kuume. Kwao ni sawa. Lakini yakiingia kwetu, shofere anakaa upande wa majani. Akitaka kupita gari lililo mbele, haoni kitu mpaka ametoa kichwa chote cha kamio katikati ya njia, na hapo ndipo anapokutana na taksi bisi. Tumwulize convoyeur ye yote: kazi yake ya pili ni kuwa macho ya shofere, "Pita! Ngoja! Pita!" Uzima wa watu thelathini unategemea jicho la kijana wa miaka kumi na saba aliyelala juu ya magunia usiku mzima. Wasweden hao hao walikuwa na matata ya namna hii: waliendesha kushoto na volani zao nyingi zilikuwa upande wa kushoto, mpaka tarehe 3 Septemba 1967 wakahamisha inchi nzima kwenda kuume kwa siku moja. Sisi hatuhitaji kuhama. Ingetosha mahali palipo nyumba pakatazwe kabisa kupita gari lingine, na mstari mweupe uchorwe.

MLANGO WETU

Sasa tuje nyumbani. Mwaka jana mwenzetu mmoja wa mwaka wa saba aligongwa na motari mbele ya shule, akavunjika mguu. Alirudi kisha majuma saba. Motari hakuwa amekunywa wala hakukimbia; yeye mwenyewe alimbeba mtoto mpaka ku santre de sante. Kwa hiyo tulikwenda kusimama pale saa ya kutoka, siku tatu mfululizo, kutazama tu. Tuliona hivi. Mlango unafunguka juu ya njia yenyewe, bila hata hatua tano za kusimama. Kengele ikilia, shule nzima inatoka mara moja kama nyuki. Mama wauzaji wa maandazi na ndizi wako pande zote mbili za njia, na maavoka mazuri, wote wanajua, yako ng'ambo. Taksi bisi inasimama juu ya gudroni palepale mlangoni, na mtoto anavuka akitokea nyuma yake, asionwe na mtu. Ile ndiyo metre 14 tuliyoihesabu.

Wazo letu la kwanza lilikuwa mama wote waingie ndani ya lupango. Tulijisifu sana na wazo hilo mpaka tulipomweleza mama mmoja wa maandazi. Akatuambia, "Bana yangu, nyinyi munanunua saa moja tu. Wasafiri wananunua siku yote. Mukinifungia ndani, batoto yangu watakula nini?" Hatukuwa na jibu siku hiyo. Tukarudi tukafikiri tena, na tunaona mpango huu ni bora: kuwe na mahali pa taksi bisi kusimama nje ya gudroni, hatua mia mbele ya mlango, upande wa shule, pakisawazishwa kwa moramu. Mama wahamie pale wote, sababu wasafiri watakuwa pale. Hakuna atakayevuka kwa ajili ya avoka. Wa mwaka wa saba na wa nane watoke kwa mlango mdogo wa upande wa kapela, unaoingia ku njia ya miguu, dakika kumi mbele ya wakubwa. Kazi ya moramu tunaweza kuifanya wenyewe katika salongo ya Jumamosi mbili au tatu. Matuta ya gudroni si yetu kuweka. Hayo yataombwa kwa barua, pamoja na plaki za shule, na mstari mweupe.

Bwana Prefe alitusikiliza vizuri. Alisema kuna wazazi watakaouliza feza, na kuna walimu watakaouliza juu ya zile dakika kumi. Akatuagiza tulete hesabu ku mkutano wa komite ya wazazi, siyo maneno matupu. Anayo haki. Basi tunahitaji kujua motokari zinapita hapa kwa vitesi gani, na hilo linawezekana bila chombo cha polisi. Kati ya mkaliptusi wa kwanza na pembe ya uzio tumepima metre 100 kwa kamba. Mmoja anasimama ku mti na kushusha mkono gari linapopita. Mwingine ku pembe anahesabu sekunde kwa saa au telefone. Sekunde 12 ni kilometre 30 kwa saa. 9 ni 40. 7 na kidogo ni 50. 6 ni 60. 5 ni 72. 4 ni 90. Mwenye kuandika atie pia namna ya gari: kamio, taksi bisi, pikipiki, jipe. Asiandike namba ya plaki wala jina la shofere, sababu hatutafuti mtu wa kumshitaki.

Tulipojaribu Jumatano iliyopita kwa nusu saa, pikipiki moja tu, iliyobeba mbuzi, ilifika sekunde 12. Lakini nusu saa haitoshi. Tunahitaji saa ya asubuhi, saa ya kutoka, na siku ya soko. Wanaotaka kusaidia watupatie majina yao mbele ya Ijumaa, wawili wawili, na kila wawili waje na saa yenye sekunde. Watasimama ndani ya uzio, hata mmoja asikanyage gudroni. Kikundi cha kwanza kitaanza Jumamosi saa moja asubuhi chini ya mkaliptusi, na daftari liko kwa mwangalizi wa maktaba.